Suluhu: maana ya neno na asili yake

Neno suluhu tunalisikia karibu kila juma. Wajumbe wakirudi kutoka mkutano wa nje ya nchi, watangazaji wa redio husema suluhu imepatikana. Wazee wa mtaa wakimaliza ugomvi wa mpaka wa shamba, husema pande mbili zimefanya suluhu. Wachungaji nao hulitumia katika mahubiri, mara nyingi pamoja na maneno amani, mapatano na upatanisho, kana kwamba yote ni kitu kimoja.

Kwetu mashariki ya Kongo, tofauti kati ya maneno hayo si kazi ya walimu wa lugha peke yao. Mama aliye kambini akisikia tangazo, huanza kuhesabu siku: je, arudi shambani na watoto, au angoje? Akielewa kwamba vita vimekwisha, kumbe bunduki zimeamriwa kunyamaza kwa muda tu, anaweza kuwapeleka watoto wake mahali pa hatari. Kwa sababu hiyo tumeona ni vema kueleza neno hili: lilitoka wapi, linasema nini, na halisemi nini.

Maana kwa kifupi

Suluhu ni makubaliano ya watu waliokuwa na ugomvi, ambayo kwayo wanaumaliza ugomvi huo na kurudisha uhusiano mahali pake. Ndani ya neno hili mna mambo mawili. La kwanza ni kumaliza: hakuna tena kudaiana wala kuviziana. La pili ni kutengeneza: kilichoharibika kinashughulikiwa. Jambo moja likikosekana, bado tuko njiani kuelekea suluhu.

Kutokana na neno hilo tuna kusuluhisha, yaani kuwakutanisha wagomvi na kuwasaidia kufika kwenye makubaliano. Anayefanya kazi hiyo ni msuluhishi, na kazi yenyewe ni usuluhishi. Suluhisho ni jawabu la tatizo lolote, hata lisilo la ugomvi: watu husema suluhisho la ukosefu wa maji. Waandishi wa michezo wa Tanzania wamelipa neno kazi nyingine pia: mechi iliyokwisha bila goli upande wowote huitwa suluhu. Na ni jina la mtu: Rais wa Tanzania tangu Machi 2021 ni Samia Suluhu Hassan.

Neno lilitoka wapi

Suluhu limetoka katika Kiarabu, kwenye neno sulh. Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zikae pamoja mwishoni mwa neno, kwa hiyo kiliongeza irabu. Kwanza likawa sulhu, namna inayoonekana bado katika maandishi ya zamani, kisha suluhu. Ni njia ileile iliyofanya subh ya Kiarabu iwe asubuhi kwetu.

Mzizi wa sulh katika Kiarabu una maana ya kuwa sawa, kuwa mzima, kufaa. Kitu kilichoharibika kikitengenezwa, mzizi huo hutumika. Mtu mwema, mwenye mwenendo mzuri, huitwa salih, na jina la Saleh ambalo jirani zetu wengi wanalo limetoka hapo. Hata neno maslahi, yaani faida au manufaa ya watu, ni mtoto wa mzizi huo. Basi tangu asili yake suluhu si neno la kunyamaza tu. Ni neno la fundi: kuna kitu kilichovunjika, na watu wanakaa kukitengeneza hata kifae tena.

Kiswahili chenyewe kilifika kwetu katika karne ya 19 pamoja na misafara iliyotoka pwani, ikapita Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika mpaka Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Misafara hiyo ilibeba vitambaa na shanga, na ilibeba bunduki pia. Ilirudi na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Mwaka wa 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, akaona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni kwa risasi. Lugha tunayoisalia na kuiimbia leo ilipitia njia hiyo ya damu. Haipungukiwi heshima kwa ajili hiyo, ila ni vema tukumbuke kwamba lugha inayotupa neno la suluhu ilitupa pia neno la silaha.

Suluhu na silaha si ndugu

Wako wanaodhani suluhu na silaha ni maneno ya ukoo mmoja, kwa kuwa yanafanana masikioni. Tumewahi kusikia hata mahubiri yaliyojengwa juu ya jambo hilo. Lakini katika Kiarabu herufi ya kwanza ya maneno hayo si moja. Silaha huanza na herufi sin, iliyo nyepesi. Sulh huanza na herufi sad, inayotamkwa kwa uzito. Kiswahili hakina tofauti hiyo, kwa hiyo sauti mbili zikawa s moja na maneno ya koo mbili yakafanana. Mhubiri akitaka kuyaweka pamoja kwa ajili ya kulinganisha, ana haki. Asiseme tu kwamba yametoka tumbo moja.

Maneno ya jirani

Amani. Nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni usalama: hali ya mtu asiye na hofu. Zamani aman lilikuwa pia ahadi ambayo mwenye nguvu humpa mgeni au adui kwamba hatamdhuru. Ukoo wa neno hili ni mkubwa: imani, kuamini, amana, mwaminifu. Hata Amina tunayoitikia mwisho wa sala ni ya mzizi uleule, maana Kiebrania na Kiarabu ni lugha za jamii moja. Kwa hiyo amani na imani ni ndugu wa kweli. Mahali ambapo hakuna anayeliamini neno la mwenzake, amani haina pa kusimama.

Salama na salamu. Haya yana ukoo mwingine, na ndugu yao katika Kiebrania ni shalom. Shalom ni uzima wa kila upande: mwili, nyumba, shamba, mifugo, jirani na Mungu. Katika ukoo huo kuna pia kusalimu amri, yaani kujitoa mikononi mwa aliyeshinda. Tukumbuke basi: anayesalimu amri hajafanya suluhu. Ameshindwa, na masharti yanaandikwa na mwingine.

Mapatano. Hili ni la Kibantu, kutoka kupata na kupatana. Kwetu husema pia masikilizano, kutoka kusikilizana. Neno hili la pili lina mafundisho ndani yake, kwa kuwa linasema kwamba makubaliano yanaanzia sikioni. Mapatano yanaweza kuwa juu ya jambo lolote, hata bei ya mihogo. Yanakuwa suluhu pale yanapomaliza uadui.

Kusitisha mapigano. Hapa watu wanaacha kupigana, kwa saa, siku au miezi. Ugomvi wenyewe haujaguswa. Askari wako palepale walipokuwa, na silaha zao mikononi.

Maneno ya Kifaransa tunayoyasikia

Mikataba yetu mingi huandikwa kwa Kifaransa, na wakalimani hupata taabu kwa sababu Kifaransa kina maneno matatu ambapo redio zetu mara nyingi hutumia moja.

La kwanza ni trêve. Asili yake ni lugha ya Wafranki, nalo lilikuwa na maana ya uaminifu, neno la mtu analolishika. Kanisa la Ulaya lilihusika sana na neno hili. Mwaka wa 1027, katika mkutano wa Toulouges, kusini mwa Ufaransa ya leo, viongozi wa kanisa walikataza vita tangu Jumamosi jioni mpaka Jumatatu asubuhi, ili watu waweze kwenda ibadani bila kuuawa. Baadaye katazo likarefushwa, likaanzia Jumatano jioni, likaingia pia katika majira ya Majilio na Kwaresima. Liliitwa Trêve de Dieu, yaani pumziko la vita kwa ajili ya Mungu. Wakuu wengi walilivunja. Hata hivyo lilimpa mkulima siku za kufika sokoni na kurudi nyumbani.

La pili ni armistice, kutoka Kilatini: silaha zimesimama. Mfano unaojulikana zaidi ni wa vita vya kwanza vya dunia. Karatasi ilitiwa saini alfajiri ya 11 Novemba 1918 katika gari la reli msituni Compiègne, na bunduki zikanyamaza saa tano asubuhi siku hiyo. Makubaliano yale yalikuwa ya siku 36 tu, ikabidi yaongezwe tena na tena. Mkataba wa amani wenyewe ulitiwa saini Versailles 28 Juni 1919. Kwa upande wetu wa Afrika, ambako wapagazi na askari wa Kongo walikuwa wamepelekwa kupigana mpaka Tabora mwaka wa 1916, habari zilichelewa. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani alizipata siku chache baadaye, akaweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala nchini Zambia, 25 Novemba 1918. Kati ya tangazo na ukweli wa porini zilipita siku 14.

La tatu ni cessez-le-feu. Kwa asili ni amri ya mkubwa wa askari: acheni kupiga risasi. Amri hiyo inaweza kutolewa leo na kuondolewa kesho.

Sheria inasema nini

Kanuni za vita vya nchi kavu zilizokubaliwa La Haye mwaka wa 1907 zinaeleza jambo hili waziwazi, kuanzia kifungu cha 36. Kusimamisha vita ni kuahirisha mapigano kwa makubaliano ya pande mbili. Kama muda haukuwekwa, kila upande unaweza kuanza tena wakati wowote, mradi umwarifu adui kwa namna iliyokubaliwa. Upande mmoja ukivunja masharti vibaya, mwingine una haki ya kujitoa. Lakini kama ni watu mmoja mmoja waliovunja kwa nia yao wenyewe, upande ulioumizwa unaweza kudai waadhibiwe na hasara ilipwe. Hauruhusiwi kuanza vita kwa sababu hiyo.

Tunaona basi kwamba kwa sheria yenyewe, kusimamisha vita si kuvimaliza. Korea ndiyo mfano: pande mbili zilitia saini kusimamisha mapigano 27 Julai 1953, na mpaka leo mkataba wa amani haujatiwa saini.

Historia yetu

Sisi pia tuna mifano, na tumeilipia.

Mkataba wa Lusaka ulitiwa saini 10 Julai 1999 na nchi sita: Kongo, Angola, Namibia, Zimbabwe, Rwanda na Uganda. Makundi ya MLC na RCD yalitia saini mwezi wa Agosti. Maandishi yalisema mapigano yakome ndani ya saa 24. Lakini kati ya 5 na 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, nchi mbili zilizotia saini, yalipigana katikati ya mji wa Kisangani, na wenyeji wakafa ndani ya nyumba zao. Ilibidi kungoja mapatano ya Pretoria, 17 Desemba 2002, ili serikali ya mpito ipatikane mwaka wa 2003.

Januari 2008 mkutano mkubwa ulifanyika Goma, na makundi yenye silaha yakatia saini ahadi zao tarehe 23 ya mwezi huo. Kabla ya mwaka kwisha vita vilikuwa vimefika karibu na mji uleule. Mapatano mengine yakafuata 23 Machi 2009. Jina la M23 limetoka katika tarehe hiyo: kundi lililoanza vita mwaka wa 2012 lilijiita kwa siku ya mapatano ya amani, likisema hayakutimizwa. Hapo tunaona jinsi karatasi isiyoleta suluhu inavyoweza kugeuka kuwa sababu ya vita vipya.

Kaskazini zaidi, Uganda na kundi la LRA walikubaliana Juba, Agosti 2006, kukomesha uhasama. Wapiganaji wa LRA walikuwa wamekaa katika misitu ya Garamba, upande wa Kongo. Mkataba wa mwisho, Joseph Kony hakuutia saini. Desemba 2008 majeshi yalishambulia kambi zake, na wakati wa Noeli ya mwaka huo wanakijiji wa Haut-Uélé waliuawa kwa mamia, wengine wakiwa katika mikusanyiko ya sikukuu. Mapigano yalikuwa yamesimamishwa kwa zaidi ya miaka miwili. Suluhu haikuwapo.

Tena 4 Agosti 2024 ilianza kazi amri ya kusitisha mapigano iliyokubaliwa Luanda kati ya Kongo na Rwanda. M23 hawakuwa mezani. Mwisho wa Januari 2025 Goma ilianguka. Tangu hapo tumesikia majina ya Washington na Doha, ambako saini zilitiwa 27 Juni na 19 Julai 2025. Hatuwadharau wanaosafiri kutafuta amani, na tunawaombea. Tunasema tu kwamba kila karatasi isomwe kwa jina lake.

Yakobo, Labani na Esau

Biblia inajua tofauti hii. Katika Mwanzo 31, Yakobo na Labani wanafikia mwisho wa miaka mingi ya kudanganyana. Wanakusanya mawe, wanafanya chungu, na kila mmoja anaapa kwamba hatapita pale kumdhuru mwenzake. Wanamwomba Mungu awe mlinzi, kwa kuwa hakuna anayemwamini mwenziwe. Watu wengi huyanukuu maneno ya pale kama baraka, lakini kwa kweli ni mpaka kati ya watu wawili wanaoogopana. Ndiko kusitisha mapigano, na kuna faida yake: hakuna damu iliyomwagika.

Sura mbili baadaye Yakobo anakutana na Esau. Hapo mambo ni mengine. Aliyekosa anakuja mbele, anainama mara saba, analeta zawadi, na kaka yake anamkimbilia na kumkumbatia. Wanalia. Hiyo ndiyo suluhu. Lakini tuone na mwisho wake: kila mmoja alikwenda kuishi mahali pake. Suluhu ya kweli haiwalazimishi watu kukaa nyumba moja. Inawawezesha kuishi bila kuviziana, na baadaye kumzika baba yao pamoja, kama Isaka alivyozikwa na wanawe wawili.

Katika Agano Jipya, neno la Paulo tunalolitafsiri upatanisho, katika Warumi 5 na 2 Wakorintho 5, kwa Kigiriki lina asili ya kubadilisha, kama kubadilisha fedha. Uadui unatolewa, urafiki unachukua mahali pake. Na anayeanza ni Mungu, aliyekosewa.

Hatua tatu

Huko Palestina na Jordan desturi ya sulha ingali hai, kati ya Waislamu na kati ya Wakristo. Mtu akiuawa, wazee wenye heshima huenda haraka kwa jamaa ya marehemu kuomba muda bila kisasi. Wakikubaliwa, wanaanza kazi ndefu ya kuuliza, kukiri na kukadiria fidia. Mwishoni jamaa mbili husimama hadharani, hushikana mikono, hunywa kahawa na kula pamoja. Kunyamaza kunakuja kwanza, ukweli na fidia katikati, chakula mwisho. Hakuna anayeita hatua ya kwanza sulha.

Wazee wetu wanajua utaratibu unaofanana na huo, nasi tumeuona katika baraza nyingi za vijiji vyetu. Hapa tuna neno jingine la kutofautisha: kusambisha. Anayesambisha anatafuta nani ana kosa, na kazi hiyo ni ya lazima. Anayesuluhisha anauliza zaidi: kosa likishajulikana, tutaishi namna gani? Suluhu isiyouliza kosa ni kifuniko juu ya moto. Wanawake waliotendewa mabaya vitani wanalijua hilo kuliko sisi sote, kwa sababu mara nyingi wanaambiwa wasamehe kabla hawajaulizwa lolote.

Tunapotangaza kanisani

Kutokana na hayo yote, tunawaomba wachungaji, mashemasi na wasomaji wa matangazo katika makanisa yetu wajiulize maswali manne kabla ya kusema neno suluhu mbele ya waamini:

1. Nani ametia saini, na nani mwenye silaha katika eneo letu hakutia?
2. Je, kuna muda uliowekwa, au kila upande unaweza kuanza tena?
3. Askari wanabaki walipo, au wanaondoka? Nani anawaangalia?
4. Kuna neno lolote juu ya waliouawa, mashamba yaliyochukuliwa na watu waliokimbia?

Kama jawabu liko kwa swali la kwanza mpaka la tatu tu, tuseme wazi: wamekubaliana kusitisha mapigano. Tumshukuru Mungu kwa kila usiku usio na milio ya risasi, tupeleke chakula na dawa njia zikiwa wazi, lakini tusimwambie mtu arudi nyumbani kwa kutegemea neno letu. Swali la nne likianza kujibiwa, na walioumizwa wenyewe wakiwamo katika kujibu, hapo ndipo tutaweza kusema suluhu, na mama wa kambini akifunga mzigo wake, atakuwa ameambiwa kweli.